Nani Anywe Dang'a ya Kwanza

Pamba safi kulia, pamba fifi kushoto. Nyanzobe alikuwa ameketi juu ya turubai mlangoni pa ghala tangu jua lilipotoka, miguu ameinyoosha, akichambua kwa mkono wa kulia na kushikilia kwa wa kushoto, ule uliovunjika ukaunga kombo. Nyeupe huku, yenye doa la njano kule. Rundo la kulia lilikuwa limempita kichwa. La kushoto lingeenea kwenye kapu moja na nafasi ikabaki.

Mwaka huo hapakuwa na nyumba nyingine pale Mwanhegele yenye marundo ya namna hiyo. Kwa majirani, mlima ulikuwa kushoto.

Ndipo mama mkwe wake, Bibi Kang'wa, alipotoka zizini, mikono imelowa hadi viwikoni, akasimama mbele ya turubai na kusema neno moja.

"Jike."

Nyanzobe aliacha kuchambua. "Una hakika, Mama?"

"Nimezaa saba, na ng'ombe niliowazalisha sikuwahi kuwahesabu. Nikuambie mara ngapi? Jike. Ana baka jeupe pajani, ameshasimama, anatafuta ziwa. Na wewe tafuta pa kujificha."

Ndama jike akizaliwa, watu hupiga vigelegele. Nyanzobe hakupiga. Aliitazama pamba iliyokuwa mkononi mwake, akasahau ilikuwa ya kwenda upande gani. Ndama yule alikuwa na ahadi juu yake hata kabla hajazaliwa, na waliokuwa wakiidai ahadi hiyo walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwongo.

Mambo yalianza Novemba, siku mbili baada ya mvua za kwanza. Nyanzobe, mjane wa miaka minne, alianguka kutoka kwenye mkokoteni na mkono ukavunjika. Ardhi ilikuwa imelowa, ekari tatu za mbuga nyeusi zilikuwa hazijaguswa, na yeye amefungwa mbao mkononi kama mlango. Aliwaita watu wake, akamweka Bibi Kang'wa kuwa shahidi.

"Pamba ndiyo chakula chetu cha mwakani," alisema. "Mimi sina mkono. Ninachomiliki ni ng'ombe mmoja, na ana mimba. Akizaa dume, litakuwa la kulimia, la wote. Akizaa jike, ndama ni wa yule atakayeniokolea pamba yangu."

Aliahidi kitu kimoja kwa mtu mmoja. Mtu mwenye maumivu hafikirii kwamba kazi moja inaweza kuwa na wenyewe watatu.

Wa kwanza alikuwa Holo, binti yake, aliyerudi kutoka kwa mumewe na watoto wawili na sufuria moja. Mungu alimpa Holo haraka. Chai yake huinywa kabla haijapoa, na ugomvi wake huumaliza kabla mwenzake hajauelewa.

Wa pili alikuwa Limi, mke wa mwanawe Nhandi, kijana aliyekuwa machimboni na kupiga simu pale alipokumbuka. Limi alipewa subira. Angeweza kukaa mbele ya chungu cha maharage asubuhi nzima bila kufunua kifuniko.

Wa tatu alikuwa shemeji yake, Jilala, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu alipewa mgongo. Hakuwa mtu wa maneno wala wa mipango, lakini mzigo ukishawekwa kwake, ulifika.

Alianza Holo. Maksai wa kulimia walikuwa wa zamu, na nyumba ya Nyanzobe ilipewa siku nne tu. Desturi ya pale ni chakula kwanza: mahindi hupata mvua ya mwanzo na ng'ombe wenye nguvu, pamba hupata kilichobaki, Januari, watu wakiwa wamechoka. Holo alizitumia siku zote nne kwenye pamba. Alipiga mistari kwa kamba, akafukia mbegu mwenyewe, na Novemba ilipokwisha ekari tatu zilikuwa zimeota.

"Binti wa Nyanzobe mwakani atatwanga pamba," walisema watu kisimani. "Atasonga ugali mweupe kuliko wetu sote!"

Holo aliwajibu, "Nitawaalika. Njooni na mboga."

Lakini mahindi yake, yale aliyoyapanda kwa jembe la mkono mwishoni mwa Desemba, yalikauka yakiwa yamefika kifuani. Hakupata hata debe. Watoto wake wawili walikula uji wa mtama wa kuazima tangu Februari. Alijua itakuwa hivyo, na alipanda pamba kwanza hivyo hivyo.

Pamba ilipofika magotini, kazi ikahamia kwa Limi. Alikuwa amehudhuria shamba darasa la kijiji, akarudi na kigingi: kibao chenye safu za matundu na njiti za kuchomeka. Kila siku ya saba aliingia shambani, akakagua miche thelathini huku na huko. Kila alipomwona mdudu mharibifu, njiti ilisogea tundu moja. Njiti ikifika kwenye alama nyekundu, dawa ipulizwe. Isipofika, mtu arudi nyumbani akafue nguo.

Kijiji hakikuwa na habari ya njiti. Kijiji kilipuliza kwa tarehe. Kila baada ya wiki mbili, rimu ya gari iliyoning'inizwa ofisini ilipigwa, na kila mwenye bomba la kupulizia dawa alilivaa mgongoni.

Siku ya kwanza rimu ilipolia, Jilala alikuja na bomba lake tayari kupuliza shamba la shemeji yake. Limi alikuwa ametoka kukagua. Aliona vidukari wachache chini ya majani. Aliona pia vidudu kobe, vile vyekundu vyenye madoa meusi, vikiwala vidukari hao kama watoto wanaopewa karanga. Buibui walikuwako. Sisimizi walipanda na kushuka. Njiti ilikuwa mbali na alama.

"Mama, dawa ya leo itaua askari na kuwaacha wezi wakimbie," alimwambia Nyanzobe.

"Mwambie baba mkwe wako."

"Nitamwambiaje mtu nisiyemtazama usoni?"

Kweli hiyo. Katika ukoo ule mkamwana hasimami uso kwa uso na baba mkwe, hata akiwa ni mdogo wa baba wa mumewe, wala baba mkwe hampiti mkamwana kwa karibu alipoketi. Na njia ya kuingia shambani ilikuwa moja, nyembamba, minyaa huku na minyaa huku. Limi alikwenda, akaketi katikati ya njia ile, akageuza mgongo na kujifunika kanga kichwani.

Jilala alifika, akasimama mbali. Akakohoa.

"Mkamwana, nakohoa."

"Nasikia, Baba. Poleni na kifua."

"Nina dawa mgongoni."

"Harufu imefika, Baba."

"Basi nipite."

"Njia ni yenu, Baba. Mimi nimekaa tu."

Jilala alisimama mpaka kivuli kikahama, kisha akarudi na bomba lililojaa, akaja kumlalamikia Nyanzobe. "Shemeji, nimelima na ng'ombe wakali, nimefukuza fisi. Sijawahi kuzuiwa na mtu aliyekaa."

Mara tatu rimu ililia, mara tatu Limi akakaa. Wanawake kisimani wakapata wimbo mpya. "Limi, wale wadudu wako unawakamua asubuhi au jioni?" Wengine hawakutania. Walisema anafuga wadudu kwa makusudi yake, na maneno ya namna hiyo, yenye harufu ya uchawi, upande ule si ya kuchezea. Limi aliacha kwenda kisimani pamoja na wenzake. Alikwenda peke yake, mchana, jua likiwa kali.

Mbona Nyanzobe hakumwondoa njiani? Wengine watasema kwa hekima. Haikuwa hekima. Mkono ulikuwa unamuuma, alikuwa amechoka, na hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu yeyote. Alimwacha akae, basi.

Februari ilipokwisha, mashamba ya jirani yalikuwa yanang'aa kwa utomvu wa vidukari. Dawa ilikuwa imewaua kobe na buibui, vidukari wakarudi wakakuta nyumba haina mlinzi. Watu wakapuliza tena, wakamaliza chupa. Na Machi, chupa zikiwa tupu, ndipo funza wa vitumba walipokuja.

Walikuja kwa Nyanzobe pia. Limi aliingia shambani asubuhi, na njiti ikaruka alama nyekundu kabla hajafika nusu ya shamba. Mbaya zaidi ilikuwa mistari iliyo karibu na jiko. Aliifuata, mche kwa mche, mpaka akatokea nyuma ya jiko, kwenye lundo la mabua ya pamba ya mwaka uliopita yenye vitumba vikavu. Alipasua kitumba kimoja. Ndani mlikuwa na ganda la funza aliyekwisha kutoka.

Mabua hayo yalipaswa kung'olewa na kuchomwa Septemba, kama kila mkulima wa pamba anavyojua. Nyanzobe aliyang'oa. Kuyachoma ndiko alikokushindwa. Kuni upande ule ni safari ya nusu siku, na mabua yanawaka vizuri.

Bibi Kang'wa alilitazama lundo, akamtazama mkwewe. "Mwizi tunamtafuta mbugani, kumbe tunapika naye."

Nyanzobe alichukua kijinga jikoni, akaliwasha lundo lote kwa mkono wake mzima, na tangu siku hiyo akapikia mavi ya ng'ombe makavu.

Mchana huo Limi alikwenda kwenye njia ya minyaa. Hakukaa. Alikisimika kibao ardhini katikati ya njia, njiti ikiwa imepita nyekundu, akaondoka.

Jilala alikiona. Hakuhitaji kusomewa.

Chupa ya dawa ilikuwako, imepungua kidogo tu, na pengine ilikuwa chupa pekee iliyobaki kijijini. Maji yalikuwa lamboni, mwendo wa saa moja. Jilala aliyabeba kwa mti begani, ndoo mbili mbele na nyuma, akaanza kupuliza jua lilipopungua na nyuki wakiwa wamerudi mizingani. Aliruka mistari ambayo Limi alikuwa ameifunga vitambaa, ile yenye sisimizi na kobe wengi, ili walinzi wabaki na mbegu. Mzunguko wa tatu, mpira wa bomba ukapasuka. Dawa ikaanza kumchuruzika mgongoni.

Mtu mwingine angeshusha bomba. Lakini wingu lilikuwa linajijenga kusini, na mwaka huo funza walikuwa hawangoji mtu atafute mpira. Alipuliza jioni hiyo na jioni iliyofuata. Ekari zilipokwisha, ngozi ya mgongo wake ilikuwa inatoka pamoja na shati. Alilala kifudifudi siku tisa, mkewe Mbuke akimwosha kwa maji na sabuni, na zahanati wakimgombeza kila alipopelekwa.

Funza walikufa. Waliosalia waliliwa na sisimizi waliorudi kutoka kwenye mistari ya vitambaa. Na vitumba vya chini, vilivyotangulia kwa sababu vilipandwa Novemba, vilikuwa vimekomaa na kuwa vigumu kama kokwa, funza wakavigonga bila kuingia. Hivyo ndivyo rundo la kulia lilivyokuja kumpita Nyanzobe kichwa.

Habari ya ndama haikuhitaji mjumbe. Kabla ya mchana, Holo alikuwa amesimama kwenye turubai, Limi ameketi pembeni uso kando, na Jilala ameegemea nguzo ya ghala kwa bega, si kwa mgongo.

"Mimi nasema mapema," alianza Holo.

"Wewe kila kitu unakisema mapema," alisema Bibi Kang'wa.

"Bibi, ningepanda Januari kama wenzangu, Machi vitumba vyote vingekuwa laini. Baba mdogo angepuliza nini? Wifi angehesabu nini? Wangeokoa mabua."

"Na mabua tunayajua yalivyotutenda," alisema Bibi.

Limi aliongea akiitazama pamba. "Walikuwepo wengine waliopanda mapema, wifi. Kwa jirani yetu Mbiti walipanda wiki moja na wewe. Wakapuliza kwa tarehe, walinzi wakafa, chupa ikaisha. Leo wanachambua fifi. Dawa iliyookoa shamba hili ilikuwapo kwa sababu mtu aliilinda."

"Uliilinda kwa kukaa!" Holo alicheka, lakini si kwa ubaya. "Wifi yangu, mimi nimeota sugu mikono yote. Kukaa nako ni kazi?"

"Njoo ukae pale wewe, jua la mchana, kijiji kizima kikikuita mfuga wadudu. Halafu uniambie."

Holo akazitazama sugu zake.

"Na wewe, Jilala?" Bibi Kang'wa aliuliza.

"Mama, mimi sijui kuongea. Funza walikuwepo. Sasa hawapo. Aliyewatoa ni nani?"

"Tumeuona mgongo wako, mwanangu."

"Mgongo wangu uacheni. Haukuungua ili niuonyeshe. Nauliza tu, wewe unaweza kupanda mapema, unaweza kukaa njiani, lakini ile siku ya kupuliza asipatikane wa kupuliza, kuna pamba?"

Nyanzobe alijaribu njia ya mkato. Alisema ndama auzwe wagawane. Holo akakataa, akasema ahadi ilikuwa ya ndama mwenye miguu minne, na miguu minne haigawanyiki kwa watu watatu. Nyanzobe akasema basi ndama awe wa mmoja, na akija kuzaa, mtoto wake awe wa mwingine.

"Miaka mitatu, shemeji," alisema Jilala. "Na akizaa madume matupu? Au akafa kwa ukame? Utakuwa umempa mmoja ndama na wengine umewapa hadithi."

"Na jambo lisilale," alisema Bibi Kang'wa. "Kwa mila ya nyumba hii, dang'a ya kwanza, maziwa haya mazito ya uzazi, inapikwa siku ile ile, na mwenye ndama ndiye anayenywa kabla ya watu wote, kutoka mkononi mwa mwenye ng'ombe. Nilimpokea mume wangu bakuli hilo, na mume wako alilipokea kwangu. Jioni hii, mwanangu. Dang'a ikilala bila mwenyewe, ndama hana mwenyewe, na wewe huna neno."

Wakatawanyika. Nyanzobe akarudi kwenye turubai, lakini mikono ilichambua bila yeye. Hakuwa akimwonea huruma ndama. Alikuwa akiihesabu miezi. Novemba ilikuwa mbele, mkono wake wa kushoto haungeshika jembe tena hata kwa mstari mmoja, na mwaka ujao asingeweza kuokoka kwa haraka peke yake, wala kwa subira peke yake, wala kwa mgongo peke yake. Akimpa mmoja vibaya, wawili watajua. Asipompa yeyote, watajua wote.

Jioni alikuwa jikoni, machozi ya moshi wa samadi machoni, dang'a ikiganda taratibu kwenye sufuria, nzito na ya manjano. Holo aliingia na unga.

"Mama, usinipe kwa sababu mimi ni binti yako," alisema. "Ila usininyime kwa sababu hiyo hiyo. Nimechoka kuwa mgeni kwenye zizi la kila mtu."

Akatoka kabla hajajibiwa. Baadaye Limi akaleta maji, akayaweka chini, akachelewa kuinuka.

"Mkinipa, Mama, watasema wadudu wangu wamewaroga. Mkininyima, watasema kumbe walisema kweli." Aliutandaza vizuri ukingo wa kanga yake. "Sijui lipi ni afadhali. Fanyeni mnaloliona ni haki."

Jilala hakuja jikoni. Alisikika nje akimwambia Mbuke asimfunge bandeji mbele za watu. Mbuke akamjibu, "Watoto wako kule kwa mama yangu wanakunywa uji mkavu usio na maziwa, na wewe unaona aibu ya kitambaa."

Nyanzobe alijiuliza alichokwisha kujiuliza mchana kutwa. Kama uko mto na mtu amekuvusha kwa mtumbwi, je, umshukuru aliyeuchonga, aliyekataa usipasuliwe kuni, au aliyepiga kasia? Akaona swali limegeuka jingine, jibu likabaki pale pale. Akasonga ugali.

Giza lilipoanza kuingia, mkeka ulitandikwa uani. Nyanzobe alipakua ugali kwenye sinia mbili, mlenda kwenye bakuli, dagaa kidogo kwa ajili ya watoto. Wanaume kando na wakamwana kando, kama ilivyo heshima. Akawahesabu kwa macho kama alivyowahesabu kila jioni tangu awe mjane: Bibi Kang'wa, Holo na wanawe wawili, Limi, Jilala, Mbuke, na yeye mwenyewe wa nane. Wote walikuwepo. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyesusa.

Walinawa. Hakuna aliyemega.

Nyanzobe aliinuka na bakuli la dang'a mkononi, mvuke ukipanda. Watoto walimtazama. Wakubwa watatu walitazama sinia. Bibi Kang'wa, shahidi, alifunga mikono magotini, akasema, "Haya, mwanangu. Chakula kinapoa."

Sasa ninyi mliokaa hapa mkisikiliza, mliokula na ambao hamjala, msinijibu kwa kumwonea mtu huruma, maana wote watatu wana njaa yao. Yuko aliyepanda kabla ya wakati wa wenzake, akakosa mahindi. Yuko aliyezuia mkono usifanye, akapoteza jina lake. Yuko aliyefanya siku ya kufanywa, akapoteza ngozi ya mgongo. Umtoe mmoja wao yeyote, na rundo lile jeupe halipo. Bakuli ni moja, na mkono unaolishika ni wako.

Unampa nani?